Kombe la kuokota?

SWALI: Mwalimu, salamu. Hapa Kondele tunabishana tangu Juni 2025. Mimi nashikilia kwamba Oklahoma City Thunder waliokota ubingwa wa NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, kwa sababu Tyrese Haliburton wa Indiana Pacers alikatika kano ya kisigino robo ya kwanza tu ya mechi ya saba ya fainali. Wenzangu wananiita mlalamishi. Nani yuko sahihi?
Msomaji, Kisumu

JIBU: Kijana, kulalamika unalalamika, ila hoja unayo nusu. Haliburton alikuwa ameshatia pointi 9 alipoanguka, na Pacers wakafungwa 103 kwa 91. Angebaki uwanjani, siapi kwamba Thunder wangeshinda. Lakini timu iliyoshinda mechi 68 kati ya 82 za msimu imeokota nini? Ukitaka bahati, tazama Toronto, Mei 2019: mpira wa Kawhi Leonard uligonga ringi mara nne ndipo ukaingia, na Philadelphia wakafungasha virago. Fainali ya mwaka huohuo Golden State walimpoteza Kevin Durant, kisha Klay Thompson. Toronto wakabeba kombe, na hakuna aliyewadai walirudishe.

Kinachonikera ni kila jeraha kusingiziwa bahati. Durant alianza kwa kuumia shavu la mguu. Haliburton vilevile, katika mechi ya tano. Wote wawili walirudi kucheza kwa kuwa ni fainali, na wote wawili wakakatika kano ileile. Mguu ulikuwa umeshabisha hodi.

Nimefundisha mpira wa kikapu shuleni huku Nyanza kwa miaka mingi. Mashindano yetu ni mechi mbili kwa siku, juu ya saruji iliyopasuka, watoto wamevaa raba walizorithi kwa dada zao. Mwaka mmoja mpangaji wangu wa mchezo, msichana ambaye ukimwambia apumzike anakununia, aliteguka kifundo cha mguu asubuhi ya nusu fainali. Tukafungwa. Wazazi wakasema bahati mbaya. Mmoja akamtaja jirani, mambo ya huku unayajua. Mimi nilikuwa nimeiona ratiba.

Thunder ni mabingwa halali wa 2025. Ukiwa bado na machozi, walilie Cleveland wa 2015: walifika fainali bila Kevin Love, wakampoteza Kyrie Irving mechi ya kwanza, na bado LeBron James akaisogeza hadi mechi ya sita.