Njia ya kushukia kwanza, chumba baadaye

Wadogo zangu mnaojiunga na dunia yetu ya Minecraft, ule mchezo wa kuchimba na kujenga kwa bloki, hapa Sakina, karibuni sana. Ila wageni wengi nawaona wanaanza kwa kupamba chumba cha chini ya ardhi, masanduku na mienge kila kona, huku njia ya kuingilia ni shimo tupu. Hata wana-Apolo, wachimbaji wa tanzanite wa Mirerani, hufunga kamba kabla ya kwenda kutafuta jiwe.

Hesabu ni nyepesi. Una mioyo kumi, yaani pointi 20 za uhai. Ukianguka, bloki tatu za kwanza hazikuumizi. Baada ya hapo kila bloki inakula pointi moja, sawa na nusu moyo. Maana yake bloki 23 zinakumaliza hata kama ulikuwa mzima kabisa. Na tangu toleo la 1.18 la mwaka 2021, dunia inashuka hadi Y -64 (Y ni kipimo cha kimo), na wapenda almasi hupiga kambi karibu na -59. Toka usawa wa bahari hadi huko ni zaidi ya bloki 120. Deraya ya almasi haikusaidii hapo, maana deraya isiyo na uchawi haipunguzi hata pointi moja ya kuanguka. Buti zenye uchawi wa Feather Falling daraja la 4 hupunguza asilimia 48, lakini mgeni atazitoa wapi wiki ya kwanza?

Wakati wa kuchimba, usichimbe bloki uliyosimamia. Chimba shimo la bloki mbili kwa moja, usimame katikati, juu ya mstari unaozigawa. Bloki moja ikifunguka kwenye pango au lava, ile nyingine bado imekubeba. Ukifika kwenye ukingo wowote, chuchumaa. Ukiwa umechuchumaa mchezo haukuachii udondoke.

Shimo likishafika chini, mimi nashauri mashimo mawili, na hapa wenzangu tunabishana sana. La kupandia liwe la bloki moja kwa moja, lenye ngazi toka juu hadi chini bila pengo. Ngazi 123 zinataka magogo 36 hivi, kazi ya asubuhi moja msituni. La kushukia nalo liwe la bloki moja, kuta zimenyooka, na sakafuni uchimbe bloki moja zaidi uimimine ndoo ya maji humo. Maji hayatasambaa chumbani, na kwa kuwa shimo ni jembamba huwezi kuyakosa. Unaruka toka juu, unatua bila kupoteza hata nusu moyo. Kuna wanaosema ngazi peke yake inatosha. Inatosha kweli, ila kushuka bloki 120 kwa ngazi kila siku kunachosha.

Mtindo wa kumwaga ndoo ukiwa hewani, kabla tu ya kugusa chini, waachieni wenye kompyuta nzuri. Kwenye simu inayokwamakwama utamwaga ukiwa umeshakufa. Na kule Nether, ile dunia ya moto ya mchezo huu, maji hukauka papo hapo, kwa hiyo huko weka robota la majani makavu chini. Linapunguza maumivu kwa asilimia 80. Si kinga kamili, basi usiruke toka mbali sana.

Ukifa licha ya yote, usipaparike. Vitu vyako hudumu dakika tano, lakini muda huo unahesabiwa tu pale eneo hilo likiwa limefunguka kwenye mchezo, yaani kuna mchezaji karibu. Kama kitanda chako, unapofufukia, kiko mbali, saa imesimama: kusanya chakula na ngazi kwanza. Kama kiko karibu na shimo, dakika zinakwenda. Shuka kwa ngazi hata hivyo, usiruke kwa haraka ukaongeza rundo la pili juu ya la kwanza.