Uhandisi mitambo na fani ya pili: nichague ipi?

SWALI: Shikamoo mhandisi. Nasoma uhandisi mitambo Marekani, naingia mwaka wa 3, sasa niko likizo nyumbani Ngamiani, Tanga. Chuo kinaturuhusu kuchukua fani ndogo, wenyewe wanaiita maina. Mjomba anataka biashara, mimi naona hisabati itaisha haraka, mwenzangu kachukua umeme. Nikimaliza nataka kazi hapahapa Tanga. Nichague ipi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Chukua umeme, upande wa vipimo na udhibiti, ila hesabu kozi kwanza.

Kwa kawaida maina huko ni krediti 15 hadi 18, yaani kozi 5 au 6. Weka mpango wa shahada yako kando ya orodha ya kila maina, kozi inayotokea kote izungushie wino. Kalkulasi na milinganyo tofautishi unazisoma kwa lazima, ndiyo maana hisabati inaonekana nyepesi. Lakini vyuo vingi vina kikomo cha kozi zinazohesabiwa mara mbili, yaani kwenye shahada na kwenye maina, na mwanafunzi akigundua hilo mwaka wa mwisho, ameshachelewa.

Kwa nini umeme? Tazama kazi zilizopo hapo kwenu. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, lina kilomita 1,443 na linaishia Chongoleani, hapo Tanga. Mafuta yale yana nta, yakipoa yanaganda, kwa hiyo lazima bomba lipashwe moto njia nzima. Viwanda vya saruji navyo vina tanuri na mota kubwa zinazosomwa na vihisio, yaani vifaa vya kupima joto, shinikizo na mwendo, mchana na usiku. Shahada yako itakufundisha pampu. Haitakufundisha vya kutosha waya unaotoka kwenye pampu.

Chukua kipimo cha shinikizo cha bar 0 hadi 10 kinachotuma kwenye waya mkondo wa umeme wa miliampea 4 hadi 20. Miliampea 4 ni bar 0, 20 ni bar 10, kwa hiyo ukisoma 12 ni bar 5. Ukisoma 0 kabisa, usikimbilie kufungua pampu: shuku kwanza waya uliokatika au umeme usiofika kwenye kipimo. Sifuri ya shinikizo imewekwa kwenye 4 kwa makusudi, ili sifuri halisi ikuambie kuna hitilafu. Asiyelijua hili atafungua pampu isiyo na kosa na kuharibu sili yake, kizuizi cha kuvuja, bila sababu.

Ugumu wa umeme ni kozi kutanguliana: saketi, kisha ishara na mifumo, kisha udhibiti. Kama kozi hizo hutolewa mara moja kwa mwaka, ukikosa saketi muhula ujao mnyororo wote unasogea mwaka mzima, na ada inaongezeka.

Mjomba naye ana hoja. Chukua uchumi wa kihandisi na kozi moja ya uhasibu kama kozi za hiari. Zitakutosha kusoma bajeti ya mradi. Mwambie pia kwamba Bodi ya Usajili wa Wahandisi itaangalia shahada yako ya uhandisi, si maina, na shahada ya nje inahitaji kutambuliwa na TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Tunza transkripti, yaani hati ya matokeo yako, na maelezo ya kila kozi tangu sasa.

Wiki hii mwandikie mshauri wako wa masomo: kozi ngapi zinahesabiwa mara mbili, saketi inatolewa muhula gani, na mwisho wa kujiandikisha maina ni lini.