Jibu: Kazi ya kompyuta Thailand, tiketi imeshalipwa

Salamu, dada. Unauliza kama mdogo wako aondoke Bukavu kwenda Thailand kwa kazi ya kompyuta, kwa tiketi iliyolipwa na wakala. Angalia viza kwanza: ikiwa ni ya utalii, asipande ndege. Mtoto wa kaka yangu aliahidiwa vivyo hivyo. Kutoka Bangkok alipelekwa kwa gari hadi Mae Sot, akavushwa mto Moei usiku kuingia Myawaddy, Myanmar, akanyang'anywa pasipoti, akalazimishwa kutapeli watu mtandaoni, na kila alipoomba kurudi alionyeshwa daftari lenye bei ya tiketi ile ile, sasa ikiwa deni lake. Mwaka 2023 Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba huenda watu wasiopungua 120,000 wameshikiliwa hivyo Myanmar. Wakala huyo simfahamu. Mdai mkataba wenye anwani ya mwajiri.