Krismasi ambayo mbuzi alipona

Sisi wa Kibosho, huku Kilimanjaro, Desemba haina mjadala, unapanda nyumbani hata kama nauli umekopa, na nauli za kutoka Dar mwezi huo mnazijua wenyewe. Mwaka juzi tulijipanga kweli, watu ishirini na kitu, mbuzi kafungwa chini ya migomba, ndizi za mbege, pombe yetu ya ndizi, zimeshapikwa zinasubiri ulezi tu, alafu tarehe 23 usiku mama akaanza kutetemeka. Tukajua malaria. Kufika asubuhi anahema kama kapandisha mlima mbio, tukamshusha Moshi mjini na gari ya shemeji, kupigwa eksirei ni nimonia, akawekewa oksijeni, na Krismasi tukailia wodini.

Kuna mama mmoja alikuja kutuona, nia yake njema kabisa, akaniambia "mshukuru Mungu mwanangu, wenzako hata mama hawana". Nikaitikia amina ila moyoni nilitamani kumrushia chupa ya chai. Yani kama una mgonjwa msimu wa sikukuu usikubali kushukurishwa kwa nguvu, mi ile shukrani ya jumla jumla ilinigomea kabisa.

Kilichonisaidia kilianza kama hasira. Usiku wa mkesha nimekaa kwenye benchi nje ya wodi, usingizi hauji, nikachukua daftari la mtoto wa dada nikaanza kuorodhesha madeni, nani katufanyia nini ili tuje kulipa (si mnatujua Wachaga na hesabu). Jina na kitu alichofanya, basi. "Mlinzi wa geti, kiti chake, saa nane usiku." "Wifi, mtori, kauponda mpaka ukawa laini kama uji, mama kala vijiko vinne." "Yule dada wa kitanda cha pili, kanichajia simu." "Nesi wa usiku, kabadilisha shuka hatujamwita." Nilipofika ukurasa wa pili machozi yananitoka na sijui hata yalianza saa ngapi.

Sasa msije mkadhani ilikua hivo kila siku. Tarehe 26 mama alichanganya maneno, akawa ananiita jina la dada yake aliyekwisha kufa, siku hio sikuandika kitu na sikujilazimisha. Daktari alituambia kwa wazee nimonia inaweza isije na homa kali, unaona tu mtu anachanganyikiwa au anahema haraka haraka, kwa hio jamani mzee akianza hivo msiseme ngoja sikukuu ipite.

Kingine, chagueni mtu mmoja wa kuongea na daktari na yeye ndo aandike kwenye grupu la ukoo, mara moja kwa siku, jioni. Sisi siku ya kwanza simu zilipigwa mpaka chaji ikaisha na bado shangazi akalalamika hajaambiwa. Na anayelala hospitali asiwe ndo huyo huyo anayepika.

Watoto nao waacheni wale sikukuu yao. Niliona picha za kina binamu huko mlimani na soda zao nikanuna kweli, kumwonyesha mama akacheka, mara ya kwanza tangu alazwe, akakohoa, akacheka tena.

Mbege sasa, mbege haimsubiri mtu, ukiilaza siku mbili tatu imechacha. Baba alikua kabaki na ng'ombe, akawaita majirani waje kuinywa tu hivo hivo bila sherehe. Wakaja, mmoja na mkungu wa ndizi, mwingine na trei ya mayai, na kuna mzee wa jirani hakuleta kitu ila siku tatu mfululizo alikata majani ya ng'ombe akayaacha mlangoni kabla baba hajaamka. Baba alinisimulia kwenye simu, akanyamaza kidogo, akaniuliza kama ile ya mzee wa majani nimeiandika kwenye daftari. Nilikua nimeshaiandika.

Mama alitoka tarehe 2, wengi wetu tuko kwenye basi tunarudi kazini. Mbuzi alikula majani mpaka katikati ya Januari, wakamchinja wakiwa watu saba tu, mama kwenye kiti chake na kitenge mabegani. Mimi nilitumiwa picha ya supu kwenye watsapu. Nikafungua daftari nikaandika: "Baba, bakuli moja la supu, ananidai yeye au namdai mimi, tutaelewana Desemba."