Kusimama kama nguzo: anza na dakika tano

Ukisimama tuli kama nguzo, dakika ya nne ndiyo mbaya kuliko zote. Ya kwanza unajiona bingwa, ya pili unatazama ndege, ya tatu mabega yanaanza kuuma, na ya nne mapaja yanatetemeka kama cherehani. Nilipofika hapo mara ya kwanza, asubuhi moja kwenye bustani ya Hekalu la Mbingu mjini Beijing, nilidhani ni uvivu wangu tu. Nikakaza meno mpaka nusu saa. Siku ya sita nilikuwa nashuka ngazi za bweni kwa kung'ang'ania reli, goti la kulia linawaka moto.

Zoezi lenyewe linaitwa zhan zhuang, litamke "jan juang". Zhan ni kusimama, zhuang ni nguzo iliyopigiliwa ardhini. Watu wa tai chi, xingyi na bagua, sanaa za mapigano za Kichina, wote wanalo, kila mmoja kwa namna yake. Aliyelipa uzito mkubwa kuliko wote ni Wang Xiangzhai, mtu wa xingyi aliyefariki mwaka 1963. Yeye aliweka pembeni ile mitindo mirefu ya kukariri, akaanzisha mtindo wake, yiquan, na kwake kusimama ndiyo ikawa msingi wa kila kitu kingine. Kwa hiyo ukiona mtu amesimama wima mbele ya mti alfajiri, usimhurumie. Yuko kazini.

Mimi kazi hiyo nilikuwa naiharibu. Mzee mmoja aliyezoea kusimama mti wa pili kutoka kwangu (pale pamejaa miti mikongwe ya jamii ya mkrismasi) alinivumilia siku kadhaa, kisha akaja. Hakuniuliza jina. Akasema, "Kaa." Nikageuka nyuma, hakuna kiti. "Kaa," akarudia, huku akinigonga kiunoni kwa vidole viwili. Nikaanza kukaa. Makalio yalipoanza tu kushuka akanishika: "Hapohapo."

Ndipo nikaelewa. Nilikuwa nakunja magoti, kumbe mkunjo unaanzia kwenye nyonga. Ukiwa kama mtu anayetaka kuketi kwenye stuli ndefu akaahirisha, kiuno hakibinuki, mfupa wa mkia unaelekea chini, na uzito unapita hadi kwenye nyayo badala ya kukwama gotini. Magoti yanalegea kidogo tu. Yasivuke ncha za vidole vya miguu, wala yasiangukiane kwa ndani. Na usiyafunge kabisa, maana kusimama muda mrefu na magoti yaliyokakamaa kunaweza kukuletea kizunguzungu.

Miguu iachane upana wa mabega, nyayo zielekee mbele. Mikono ipande mbele ya kifua kana kwamba umekumbatia mtungi mkubwa wa maji, viwiko viwe chini ya viganja, na kwapani pabaki nafasi ya yai. Kidevu kiingie ndani kidogo. Pumua kwa pua kama kawaida yako. Ikiwa mikono inakushinda, ishushe usawa wa kitovu, hakuna atakayekudai.

Kuhusu kutetemeka, kuache kuendelee. Misuli isiyozoea kubeba mwili kwa utulivu hutetemeka, na ukiizuia kwa nguvu unaongeza ugumu uleule unaotaka kuupunguza. Maumivu ni jambo jingine. Paja likiwaka, endelea. Goti au mgongo ukichoma, acha, ujipange upya, au funga siku. Hapo ndipo nilipokosea: nilichanganya mambo hayo mawili nikayaita yote uvumilivu. Goti lilinidai wiki tatu.

Anza na dakika tano kila siku kwa wiki mbili, halafu ongeza moja moja. Weka alamu kwenye simu na uigeuze kifudifudi, la sivyo utakuwa unachungulia saa tu. Usisimame ukiwa umeshiba ugali. Mwenye shinikizo la damu, mjamzito au mwenye matatizo ya magoti aongee na daktari kwanza. Ukimaliza usikimbilie kukaa: shusha mikono taratibu, sugua viganja, tembea kidogo.

Baada ya siku chache huenda viganja vikapata joto, au vidole vikasisimka. Hapo ndipo wengi huanza kusimulia habari za chi, ile nguvu ya uhai ya Wachina, kama walioona jini. Mimi nimejizuia. Joto likija ni sawa, lisipokuja ni sawa, na siku ukianza kulitafuta utajikuta mabega yamepanda mpaka masikioni.

Mabega ndiyo yananisumbua hadi leo. Yule mzee hunipitia nyuma, ananigusa la kushoto, anasema neno moja: "Song." Legeza. Linashuka. Sasa nafika dakika 25, na kila asubuhi, karibu dakika ya 12, bega hilohilo linapanda tena kama mtu aliyeitwa jina.