Usikariri maana zote za "run"

Dada, unauliza utashika namna gani maana zote za kitenzi cha Kiingereza "run" (kukimbia) kabla ya mahojiano ya kazi hapo Goma. Usijaribu! Wahariri wa kamusi kubwa ya Oxford walihesabu maana 645 za kitenzi hicho. Wewe unapiga simu, unapiga picha, unapiga pasi, na hakuna anayeumia. Nani alikupa orodha ukariri? Shika neno pamoja na jirani yake: "run a shop" ni kuendesha duka, "run out of water" ni kuishiwa maji, "run into" mtu ni kukutana naye bila kutarajia. (Pua nayo "inakimbia", ni kamasi tu.) Kifaransa cha shule kitakuvuta ufikirie "courir", yaani kukimbia, kila mara; kikatalie. Kwenye mashirika utasikia zaidi "run a project", kuendesha mradi. Anza na hiyo.