Mtungi wa Kondoa ukifika Dar

Dada, umeuliza kwa nini mtungi wa bibi yako ulipoza maji vizuri Kondoa, lakini Dar unayapoza kidogo tu. Mtungi hauna kosa, ni hewa. Udongo uliochomwa una vitundu vidogo mno. Maji hupenya polepole mpaka nje, yakageuka mvuke, na mvuke huo huondoka na joto la maji yaliyobaki ndani. Huku kwetu kiangazi hewa ni kavu na upepo wa Dodoma unaujua mwenyewe, basi mtungi "hutoka jasho" na kukauka haraka. Pwani hewa imeshajaa unyevu wa bahari, basi maji ya nje ya mtungi hugeuka mvuke polepole na joto haliondoki sana. Uweke kivulini, dirishani penye upepo. Na tafadhali usiupake rangi ya mafuta, utaziba vile vitundu!